Madirisha Tisini na Sita

Da Saumu,

Napenda kutangaza rasmi, mbele ya pasi ya mvuke, mashuka manane yaliyokunjwa na kikapu cha soksi zilizopoteza wenzake, kwamba lile kasri la mtoni lina madirisha tisini na sita, wala si mia na ishirini kama nilivyokuarifu. Tangazo hili linafuta matangazo yote yaliyotangulia. Makosa yalikuwa yangu. Waliosikia wawaambie ambao hawakusikia, ingawa aliyesikia ulikuwa wewe peke yako, na wewe sasa huna wa kumwambia.

Ona, nimeshaanza na mzaha. Ungekuwepo ungesema, "Mtaita wee, lia kwanza, mzaha utaukuta papo hapo." Nimelia, Da Saumu. Nililia bafuni na mfereji nimeufungua, kwa sababu Madam hapendi kelele, na maji yana ruhusa ya kupiga kelele.

Niko Jidda, Rawdah, chumba kile kile cha pasi. Ni saa nane mchana, mwezi wa nane, nyumba nzima imelala kwa joto na anayezungumza ni kiyoyozi peke yake. Huu ni mwezi wa tano tangu uondoke. Ulifia Riyadh, katika ile nyumba ya ghorofani huko Murabba, jikoni, vitunguu vikiwa nusu vimekatwa, kwa presha ambayo kila nikikuuliza uliiita kizunguzungu cha kuinama. Habari niliipata kwa bintiyo, Mwanajuma. Alinipigia kutoka Kwale, akanipa shikamoo, akaniuliza habari za kazi, habari za afya, habari za joto, akamaliza habari zote zilizoko duniani. Nikajua kabla hajasema.

Walikuzika huko huko Riyadh. Kwenu Matuga walisoma hitima bila wewe. Na mimi sikupewa pole na mtu, kwa kuwa hapa hakuna aliyejua kwamba nilikuwa na wewe. Walijua nina simu.

Mambo yote haya yalianza na ile picha ukutani. Nairobi, kwa ajenti, katika kile chumba cha mafunzo ambapo tulifundishwa wiki mbili kutandika kitanda ambacho hakuna aliyewahi kukilalia. Picha ilitundikwa kuziba ufa, na ufa ulikuwa mrefu kuliko picha. Kasri la manjano juu ya mto, miti chini yake, mawingu ya kupangwa. Wasichana wote walikuwa wakipiga picha mbele yake na kuzituma kwao kana kwamba wameshafika. Kila mmoja alikuwa na ndoto yake: huyu ataolewa mle ndani, yule atakunywa chai kwenye roshani. Wewe, mkubwa wetu, mwenye miaka arobaini na moja na goti moja lisilopenda ngazi, ulisimama na ufagio ukaitazama muda mrefu, tukadhani na wewe umeingiwa na ndoto. Ukauliza, "Na hayo madirisha yote, hupangusa nani?"

Tulicheka hadi mwalimu akatuita wahuni. Lakini wewe hukuwa ukicheka. Ulitaka kujua. Ukasema, "Mimi na wewe, Wakio, atakayetangulia kufika huko amhesabie mwenziwe, na aulize hupangusa nani." Tukapeana mikono, mkono wako ukinuka siki, kwa kuwa mwalimu alipotoa ile dawa ya kupuliza vioo wewe ulinivuta pembeni ukanifundisha dawa yako: siki, maji, na gazeti la jana. "La jana, si la leo. La leo lachafua." Na ukanifundisha kutembea na kitambaa mfukoni kila mahali. "Mfanyakazi bila kitambaa ni mgeni," ulisema. Hicho kitambaa kimeniletea aibu, nitafika hapo.

Tulipanda ndege moja. Uwanjani Riyadh tulikalishwa sakafuni tukingoja makafili wetu, waajiri wenye karatasi zetu, waje wamwite kila mtu kwa jina lake. Wako aliwahi. Ulisimama, ukajipangusa vumbi, ukaenda. Mimi nikapandishwa ndege nyingine hadi Jidda. Nilikuona mgongo, mtandio wa maua na ule mfuko wa kaki uliofungwa kamba. Basi. Miaka mitatu kasoro tumeishi nchi moja na hatukuonana tena kwa macho. Lakini kila Ijumaa, watu wakienda kuswali, wewe ulikuwa na dakika zako ishirini na mimi zangu, tukatumiana voisi. Ulinisema, ulinicheka, ulinifundisha kuondoa doa la komamanga. Ijumaa moja ulinitumia dakika nne za sauti ya mvua ikipiga dirisha la jikoni kwenu, hukusema neno, kisha mwisho kabisa ukasema, "Nimekuwekea akiba." Ninayo bado.

Sasa ile safari.

Mwaka jana, miezi kama hii, mkataba wetu wa kwanza ulikuwa unakwisha, wako na wangu pamoja. Wangu ulikuwa umeshaongezwa. Sikuwahi kukueleza vizuri jinsi ulivyoongezwa. Madam alikuja hapa kwenye pasi akasema wanakwenda Ulaya kupanda meli ya mtoni siku nane, na Hajja, mama yake Baba mwenye nyumba, naye atakwenda, na Hajja yuko kwenye kiti cha magurudumu. "Tutahitaji mtu," akasema, akaweka karatasi ya mkataba juu ya ubao wa pasi. Nilitia sahihi pasi ikiwa bado imechomekwa. Ubalozini mzungu aliniuliza ninakwenda kufanya nini Ulaya. Nikamwambia ukweli: kusukuma.

Wewe nilikuambia wamenichagua.

Siku ya tatu melini ilikuwa siku ya matembezi. Ratiba ilipachikwa kwenye lifti kwa maandishi ya kupendeza: asubuhi kasri, mchana mji wa kale, alasiri ngome ya kilimani. Mto ni Danubi. Maji yake si ya buluu, usiulize. Nilikuwa mezani namkatia Hajja mkate, waifai ya meli ikashika, voisi yako ikaingia. Nilisikiliza kwa sikio moja, jingine la Hajja. Naikumbuka yote:

"Mtaita, u mzima? Mimi kichwa kinanizunguka tangu jana, lakini hilo si neno. Neno ni hili. Mkataba umefika mwisho. Madam wangu ataka niongeze miaka miwili. Asema mwakani wataenda Ulaya na wao, na mimi watanichukua nikamshikie mtoto. Mimi roho yangu yote iko Matuga, nyumba yangu bado madirisha ni mbao. Lakini nikirudi bila kuliona lile kasri, wewe si utanicheka mpaka kiama? Basi wewe uko huko. Niambie kweli: kwafaa? Niongeze ama nirudi? Nijibu leo, kesho saa tatu wanataka sahihi."

Ulicheka mwishoni. Halafu ulikohoa, au ulicheka tena. Nimeisikiliza mara nyingi na bado sijui.

Nikasema nitakujibu jioni nikishaona. Nilijiambia nitajibu kama shahidi.

Kasri lilikuwa na lifti, ndiyo sababu niliingia. Hilo peke yake katika siku nzima. Mwongoza wageni, mwanamke mwenye mwavuli mwekundu aliouinua ingawa hapakuwa na mvua, alitupitisha chumba baada ya chumba. Kila chumba mtu mmoja amekufa ndani yake na amechorwa. Tukafika chumba chenye meza ndefu ya dhahabu. Kundi likapita. Mimi na Hajja tukabaki nyuma, gurudumu limekwama kwenye zulia. Nikaiona meza. Da Saumu, ilikuwa na vumbi. Si vumbi la asubuhi. Vumbi lililopanga, lililozaa.

Mkono wangu haukuniuliza. Kitambaa kilitoka mfukoni kama kilivyotoka kila siku ya miaka miwili, nikavuka kamba ya kuzuia wageni, nikapangusa. Mara mbili, kwenda na kurudi, kama ulivyonifundisha.

Kengele ilivyolia ungedhani nimeiba mlango. Walinzi wawili wakaja mbio. Kundi zima likarudi kutazama, pamoja na Baba, uso umemshuka, na Madam ameshika kifua.

"Wakio! Hii si nyumba yetu!"

"Samahani, Madam. Ilikuwa na vumbi."

Wazungu arobaini na mwavuli mmoja wananitazama mimi na kitambaa. Halafu Hajja, ambaye tangu Jidda hakuwa amecheka, akaanza. Alicheka hadi meno ya kubandika yakataka kutoka. "Mwacheni," akamwambia mwanawe, "nyinyi mmekuja kutembea, yeye amekuta kazi yake." Baba naye akashindwa kujizuia, akageukia ukuta.

Aliyebaki na sisi alikuwa mama mmoja mzee, mlinzi wa chumba, miwani imefungwa uzi shingoni. Nilidhani atanikabidhi kwa polisi. Akanyoosha mkono, akachukua kitambaa changu, akakisugua kati ya vidole. "Pamba?" akauliza kwa Kiingereza cha kuokotaokota kama changu. Pamba, nikasema. Akatikisa kichwa, yule ni mtu wa kazi. Akaniambia hata yeye, miaka kumi na tisa humo ndani, haruhusiwi kuigusa ile meza. Huja bwana mmoja na glavu, mara moja kwa mwaka, na brashi laini kama ya kumpaka mtoto poda.

Basi nikamuuliza. Nilikumbuka, Da Saumu, nilimuuliza. Nani hupangusa madirisha?

Akatazama huku na huku, akashika kiti cha Hajja yeye mwenyewe, akatupeleka uani. Mimi asubuhi nikiwa melini nilikuwa nimeshahesabu mia na ishirini, nikajisifu. Akanionyesha kwa kidole upande wa magharibi: lile, lile, na safu yote ile. Yamechorwa. Ni ukuta mtupu, Da Saumu. Mwenye kasri alitaka pande mbili zifanane, na upande mmoja haukuwa na vyumba, basi akaita mchoraji. Madirisha ishirini na manne ya rangi, na vivuli vyake, na vioo vyake vya kuchora. Moja amelichorea pazia lililoinuliwa kidogo pembeni, kana kwamba kuna mtu ndani anachungulia. Nililitazama lile muda mrefu. Nilitaka kumpungia mkono.

"Na mengine?" nikamuuliza. Mengine, akasema, hupanguswa na watu wa kampuni, wanakuja na ngazi zao, wanatoka mbali. Akanitazama nguo, akanitazama kichwani, akatabasamu. "Mbali," akasema. "Kama wewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya Ulaya. Robo saa uani na yule mama. Ilikuwa hazina, na ilikuwa yako: swali lako limejibiwa kwa mkono wa mwenye kazi. Ningekusimulia hiyo ungecheka hadi Murabba nzima ijue. Lakini kukusimulia hiyo kungenilazimu nisimulie na kitambaa, na kengele, na "hii si nyumba yetu". Nikaona haya.

Mji wa kale ulikuwa wa mawe ya mviringo. Kiti cha Hajja kilikwenda hatua kumi kikakataa. Tukaachwa kwenye chemchemi ya katikati ya soko, kwa muda wa saa mbili kamili. Hajja alitazama nyumba zile za miaka mia ngapi sijui, akaniuliza, "Watu wanatoka mbali hivi kuja kuangalia mawe? Na kwetu mawe yako." Akalala. Nilimkinga jua kwa mkoba wa Madam. Nilimwona njiwa akioga.

Ngome ya kilimani ilikuwa na ngazi mia tatu. Huko hatukushuka hata kwenye basi. Mimi, Hajja na dereva, dereva anakula mkate wake, Hajja anasoma tasbihi. Nililiona jengo kupitia dirisha la basi, na dirisha lilikuwa chafu. Mti ulikuwa mbele. Nilihesabu madirisha saba, basi likageuzwa.

Kwa hiyo hesabu ya siku: ua mmoja, chemchemi moja, mti mmoja.

Tulirudi melini saa kumi na moja jioni, jua la kwao bado limekaa juu halina habari. Madam alinipa simu yake nimpakulie picha kwenye kompyuta. Picha mia tatu: kumbi, dari, taa, ngome kutoka juu, mto ukikunja chini kama mkanda. Nikachagua tisa nzuri, nikakutumia. Halafu nikachukua simu yangu, nikaenda nyuma ya meli, nikakutumia na hii. Nitaiandika kama nilivyoisema, kwa kuwa haina haki ya kufichwa:

"Da Saumu! Nimeliona! Lile lile la ukutani, la manjano, mama yangu, mia na ishirini nimehesabu kwa macho haya. Nimepanda mpaka juu kabisa. Hapa mtu anatembea kama mtu, hakuna kazi, ni kutazama tu. Ongeza mkataba, dada. Usirudi sasa, utajuta. Miaka miwili ni nini? Mwakani na wewe uko hapa. Madam wako amesema mwenyewe."

Lile kasri halikuwa hata la manjano, Da Saumu. Ni la kijivu.

Sasa nikuambie kwa nini, maana nimejiuliza hapa kwenye pasi mashuka mengi. Mwanzo nilijitetea kwamba ni aibu. Aibu ilikuwepo, lakini aibu ingenifanya ninyamaze tu. Baadaye nikasema ni majivuno. Yalikuwepo pia. Lakini neno lenyewe ni dogo na ni baya. Mimi nilikuwa nimeshatia sahihi yangu. Ukirudi Matuga, nani angenitumia voisi Ijumaa? Nilikuwa na miaka miwili mbele yangu katika nchi ambayo ninayemjua ni mmoja, tena simwoni kwa macho, namsikia sauti tu. Nikakushika nguo. Uliniuliza kama kwafaa, na mimi nikajibu lile nililotaka. Ulisema "niambie kweli". Ulilisema wazi. Tena ulisema kichwa kinakuzunguka, lile nililipita kabisa, sikukuuliza hata umekunywa maji.

Jibu lako lilikuja kabla sijatoka pale nyuma ya meli. Sekunde kumi na mbili. "Haya, halas. Umeniambia wewe, basi. Nikija nitayahesabu upya, maana wewe hesabu huijui."

Ulikuwa na haki. Siijui.

Miezi saba baadaye ulianguka.

Watu wawili watatu ningeweza kuwaambia haya wakanijibu, "Siku yake ilikuwa imefika, hata Matuga ingemkuta." Huenda. Lakini Matuga ingekukuta kwenye kitanda chako, na Mwanajuma angekushika mkono, na angekuwepo mtu wa kukuuliza umekunywa maji. Nimekubali kuishi na huenda, lakini sikubali mtu anifutie. Kufuta ni kazi yangu.

Nikupe na habari, usije ukasema nimekuandikia kujililia tu. Hajja anaendelea. Tangu ile kengele amekuwa rafiki yangu. Kila mgeni akija lazima amsimulie, na kila mara meza inazidi kuwa kubwa na walinzi wanaongezeka, sasa wamefika sita. Wiki chache baada ya wewe kuondoka aliniuliza kwa nini Ijumaa sichukui simu tena. Nikamwambia aliyekuwa akinipigia amefariki. Ijumaa ilipofika akaniita, akasema, "Yalla, kaa hapa, niongeleshe mimi." Tukakaa dakika ishirini. Tukamenya karanga.

Doa la komamanga linatoka kama ulivyosema. Madam amenunua mashine ya kuosha vioo, inajitembeza yenyewe dirishani kama mjusi. Inaacha pembe. Nazimalizia kwa gazeti la jana.

Na nafasi yako imechukuliwa. Usikasirike. Ni msichana wa Busia, Nekesa, ana miaka ishirini na tatu na sauti ya mtu aliyeambiwa asiongee kwa nguvu. Alinipata mwenyewe: nyuma ya mlango wa stoo ulikuwa umeandika kwa kalamu nambari yangu, na chini yake "MTAITA, MWEREVU KIASI". Hicho "kiasi" nimekiona, ahsante. Alipiga Ijumaa moja saa ile ile yako, nusura niitupe simu kwenye ndoo. Akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyepelekwa Ulaya, kwa kuwa marehemu alikuwa amembandikia mtoto wa pale zile picha tisa kitandani, akimfundisha kuhesabu madirisha.

Nikamwambia kweli. Nilianza na kitambaa. Nikamsimulia kengele, meno ya Hajja, ukuta uliochorwa, njiwa, mti. Alicheka, kisha akauliza, "Sasa dada, kwafaa ama haifai?" Neno lako hilo hilo, sijui kalipata wapi, labda limebaki kwenye kuta. Nikamwambia: mimi siwezi kukujibu hilo, ila nikikuona unaumwa nitakuambia rudi. Na kila Ijumaa namuuliza amekunywa maji. Anachoka na mimi.

Mwanajuma bado sijamwambia. Ananiita mama mdogo. Ananishukuru kwa kuwa nilikuwa nikikuchekesha. Kila akinishukuru natafuta kitu cha kupangusa.

Basi nikuage, watu wa nyumba hii wataamka sasa hivi watake kahawa. Nakuahidi haya, na safari hii sitii chumvi. Mkataba wangu ukiisha mwakani, siongezi, hata wakinionyesha kasri la mwezini. Nitashuka Mombasa, nitavuka kwa feri, nitakwenda Matuga kabla sijakanyaga Voi kwetu. Nitakaa na Mwanajuma nimweleze mambo yote, pamoja na ile voisi nitamsikilizisha, yako na yangu, akitaka kunifukuza anifukuze. Kisha, kama hajanifukuza, kuna nyumba yako: ameniambia ina madirisha manne na bado ni mbao. Sijui yatakuwa ya vioo lini. Lakini siku yatakapokuwa, nitakuja na siki na gazeti la jana, niyahesabu mara mbili, niyapanguse ndani na nje. Na mtu akiuliza, hayo madirisha hupangusa nani, jibu lipo.

Lala salama, Da Saumu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nicheke, hicho ulikiweza daima.

Limebaki moja, Nekesa kaniambia Ijumaa hii. Wale watu wako, mwaka huu, hawakwenda Ulaya. Walikwenda Abha, milimani huku huku Saudia, kwa gari, siku mbili. Mfanyakazi walimwacha nyumbani; gari lilikuwa limejaa.